MADARAKA YA RAIS NI AMANA: MPAKA WAKE UKO WAPI?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, ambaye hukumu Yake haina wa kuitengua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwongozo wake kwa wema.



Liko swali ambalo huulizwa sana katika mabaraza ya misikiti yetu, kuanzia Kariakoo na Gerezani hadi Ilala na Magomeni, na aghalabu huachwa bila ya jibu: Nani katika nchi hii anaweza kumwambia Rais "hapana", naye akalazimika kusikia? Wapo wanaojibu kuwa ni Bunge. Wapo wanaosema ni Mahakama. Walio wengi hutikisa kichwa, wakanyanyuka na kwenda zao nyumbani. Tahariri ya mwezi huu inakusudia kulikabili swali hilo kwa utulivu, kwa kutazama Katiba, kwa kutazama yaliyotufika, na kwa kulipima jambo zima katika mizani ya dini yetu.

Tuseme mapema kwamba hatumzungumzii mtu, tunakizungumzia kiti. Tangu Tanganyika ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, kiti hicho kimekaliwa na watu sita: Mwalimu Julius Nyerere, Mzee Ali Hassan Mwinyi, Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete, John Magufuli na, tangu mwaka 2021, Samia Suluhu Hassan. Watatu Wakristo, watatu Waislamu. Kwa hiyo wale waliokuwa wakidhani kwamba dawa ya matatizo yetu ni kupata Rais Muislamu wamekwishapewa jibu mara tatu. Tabia ya mtu hubadilika na mtu. Ukubwa wa kiti haujabadilika.

KATIBA INASEMAJE?

Ibara ya 4 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inagawa shughuli za nchi katika mihimili mitatu: Serikali itawale, Bunge litunge sheria na kuisimamia Serikali, Mahakama itoe haki. Ibara ya 107A, iliyoingizwa mwaka 2000, inasema kuwa mwenye kauli ya mwisho katika utoaji wa haki ni Mahakama. Kwa maandishi, hili ni jambo zuri na hatuna la kulipinga.

Lakini msomaji akiendelea kufungua kurasa atakuta kwamba nguzo hizi tatu hazikusimama sawa. Ibara ya 36 inampa Rais mamlaka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka katika utumishi wa Serikali. Ibara ya 37 inasema hafungwi na ushauri wa mtu yeyote, ila pale ambapo Katiba au sheria inamtaka aufuate. Yeye ndiye anayemteua Jaji Mkuu, na majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Anamteua Mkurugenzi wa Mashtaka, Mkuu wa Jeshi la Polisi, wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya. Kwa ibara ya 66 anaingiza Bungeni wabunge hadi kumi wa kuwateua mwenyewe. Mawaziri wake wote ni lazima wawe wabunge, maana yake ni kwamba mtu anayetakiwa kusimamiwa na Bunge ni sehemu ya Bunge lenyewe, na mbunge wa chama tawala anayetamani uwaziri anamjua wa kumpendeza.

Muswada uliopitishwa na Bunge hauwi sheria mpaka Rais auridhie. Akiukataa, na Bunge likamrudishia kwa kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, ibara ya 97 inampa siku 21 za kuchagua moja kati ya mawili: ama auridhie, ama alivunje Bunge. Ni mbunge gani atakayeng'ang'ania muswada huku akijua kwamba mwisho wake ni yeye kurudi jimboni kuomba kura upya?

Kweli, ibara ya 46A inaliruhusu Bunge kumshitaki Rais na kumwondoa, kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Njia hiyo haijawahi kutumika hata mara moja. Na ibara ya 41, kifungu cha saba, inasema kwamba Tume ya Uchaguzi ikishatangaza mshindi wa urais, hakuna mahakama itakayochunguza ushindi huo. Mbunge anaweza kushitakiwa mahakamani kwa kupata kiti kwa njia isiyo halali, na diwani vivyo hivyo. Mwenye kiti kikubwa kuliko vyote hawezi. Tume yenyewe, ambayo mwaka 2024 ilipewa jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, bado uteuzi wake uko mikononi mwa Rais.

Mwalimu Nyerere mwenyewe hakulificha jambo hili. Alipata kukiri kwamba Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kumfanya dikteta. Ikiwa aliyekikalia kiti kwa zaidi ya miaka ishirini amekiri, hapana sababu ya sisi kuonekana wachochezi tunapolirudia.

MIZANI YA DINI YETU

Wapo ndugu zetu wanaosema kwamba mambo ya Katiba si ya msikitini, kwa kuwa ni sheria zilizotungwa na binadamu. Tunawaheshimu, ila hatukubaliani nao. Uislamu haukuleta sala na funga peke yake. Umeleta pia uadilifu, na mtawala ni mtu wa mwanzo kuulizwa juu ya uadilifu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Katika Suratu Saad, aya ya 26, anamwambia Nabii Daud (a.s.), aliyekuwa mtume na mfalme, ahukumu kwa haki na asifuate matamanio. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu anaonywa juu ya matamanio ya nafsi akiwa katika kiti cha enzi, sembuse mtu wa kawaida aliyepigiwa kura?

Na kuhusu shura, Waislamu wa mwanzo walisifiwa katika Suratush-Shuura, aya ya 38, kwamba mambo yao ni kwa kushauriana. Katika Suratu Aali Imraan, aya ya 159, Mtume (s.a.w.) mwenyewe, anayeteremshiwa wahyi, ameamrishwa awashauri masahaba zake. Aya hii iliteremka baada ya Uhud, vita ambavyo Waislamu walitoka Madina kupigana kwa kufuata rai ya walio wengi, wakapata msiba. Pamoja na msiba huo, amri ya kushauriana haikufutwa, bali ilitiliwa mkazo.

Sayyidna Abubakar (r.a.) aliposhika ukhalifa alipanda mimbari akawataka watu wamsaidie akienda sawa na wamnyooshe akipinda. Hata riziki yake hakujipangia. Asubuhi alichukua nguo zake kwenda sokoni kufanya biashara kama ilivyokuwa kawaida yake, mpaka masahaba walipomrudisha na kumpangia posho kutoka Baitul Maal. Zingatieni, enyi watu wa Kariakoo: Khalifa wa Waislamu alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na hazina ya Waislamu haikuwa mfuko wake.

Hadithi ya mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyeiba, iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, tunaijua sote. Watu walimtuma Usama bin Zaid (r.a.) akamwombee kwa Mtume (s.a.w.), naye akaghadhibika na kueleza kwamba waliotutangulia waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha na mnyonge akiiba walimwadhibu. Vitabu vya tarekhe vinasimulia pia kwamba Sayyidna Ali (r.a.), akiwa Amirul Muuminina, alisimama mbele ya Kadhi Shuraih akidai deraya yake kwa Myahudi, na kadhi akahukumu dhidi ya Khalifa kwa kukosekana ushahidi. Imamu Abu Hanifa, ambaye alifariki Baghdad mwaka 150 Hijria, alipendelea kufungwa gerezani kuliko kukubali ukadhi chini ya Khalifa Mansur, kwa kuchelea kwamba hukumu yake ingegeuzwa kuwa mhuri wa mtawala.

Hatusemi kwamba tarekhe yetu yote ilikuwa hivyo. Walikuwepo madhalimu, tena wengi. Tunachosema ni kwamba msingi uko wazi: mtawala yuko chini ya sheria, na anayetoa hukumu hapaswi kumwogopa.

TULIYOYAONA KARIAKOO

Huenda msomaji akauliza: Mimi muuza mitumba wa Mtaa wa Kongo, ibara ya 37 inanihusu nini? Inakuhusu sana, na soko letu ni shahidi.

Wazee wa hapa wanaukumbuka mwaka 1983. Serikali ilianza mnamo mwezi wa Machi kuwakamata watu walioitwa wahujumu uchumi, na baadhi ya wafanyabiashara walilazimika kutupa bidhaa zao usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Kukamata kulitangulia, sheria ikafuata. Bunge lilipitisha sheria maalumu na kuirudisha nyuma ili iyahalalishe yaliyokwishatendeka. Kesi zikapelekwa katika baraza maalumu nje ya mahakama za kawaida, ambako mshitakiwa hakuwa na dhamana, hakuwa na wakili, wala hakuwa na haki ya kukata rufaa. Hatutetei ulanguzi, kwani dini yetu imeharamisha kuhodhi chakula cha watu. Tunauliza tu: Siku hiyo mihimili mitatu ilikuwa wapi? Mhimili mmoja ulikuwa umetenda, wa pili ukabariki, na wa tatu ukawekwa kando. Mwaka uliofuata Bunge lililazimika kuibadilisha sheria ile, lakini waliokwisha kuumia walikuwa wameumia.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 2016 Rais Magufuli alielekeza kwamba machinga wasibughudhiwe. Vijana wetu wakafurahi, wakapanga meza zao kando ya barabara. Desemba 2018 akawakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000. Aliyekilipia alijiona amepata hati ya kufanya biashara bila ya kusumbuliwa. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge. Lakini kitambulisho kilipotoka, kilitoka kwa kauli ya Rais, na watu wakakipokea kwa sababu kilikuwa nafuu kuliko ushuru wa kila siku. Septemba 2021 Rais Samia aliagiza machinga wapangwe upya. Oktoba mwaka huohuo vibanda vikaondolewa, na aliyekuwa na kitambulisho mfukoni akaondoka kama asiyekuwa nacho.

Hapa hatujadili kama machinga walistahili kukaa barabarani au la, kwa kuwa waendao kwa miguu na wenye maduka nao wana haki zao. Tunajadili namna jambo lilivyokuja na lilivyokwenda. Kilichotolewa kwa kauli huondolewa kwa kauli. Kama haki ya machinga ingewekwa katika sheria, ikajadiliwa Bungeni, ikaeleza wapi anaruhusiwa, wapi haruhusiwi na akiondolewa alipwe nini, basi angekuwa na pa kusimama mbele ya hakimu. Kwa kuwa alikuwa na kauli tu, hakuwa na pa kusimama.

Na siyo machinga peke yao. Tarehe 24 Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa kwa uamuzi wa Rais na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Wakazi wa jiji hawakuulizwa. Mei 2023 wenye maduka wa Kariakoo walifunga milango kwa kuchoshwa na kikosi kazi cha Mamlaka ya Mapato. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika, akaagiza kikosi kazi kisitishwe, na kukafanyika mkutano mkubwa Mnazi Mmoja. Watu walimpigia makofi. Juni 2024 maduka yakafungwa tena, na malalamiko juu ya kodi yakarudi. Mfanyabiashara anayepata nafuu kwa kufunga duka mpaka kiongozi aje, badala ya kuipata kwa mbunge wake au katika baraza la rufaa za kodi, amefundishwa na mfumo wenyewe kwamba mlango unaofunguka ni mmoja tu.

TULIYOYAONA SISI WAISLAMU

Katika historia ya Waislamu wa nchi hii, somo hili limeandikwa kwa machungu. Mwaka 1962 ilitungwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila ya kesi na kuzizuia mahakama kuihoji amri yake. Mwaka 1968 Sheikh Hassan bin Amir, mwanachuoni aliyesomesha Dar es Salaam na ambaye aliheshimiwa kama mufti wa nchi, alikamatwa na kurudishwa Zanzibar. Desemba mwaka huohuo jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, iliyokuwa ikijenga shule na iliyokusudia kujenga chuo kikuu, ilipigwa marufuku kwa kutumia Sheria ya Vyama. Pakaundwa BAKWATA. Hapakuwa na hakimu aliyeulizwa. Saini ilitosha.

Februari 1998 damu ya Waislamu ilimwagika Mwembechai. Waislamu waliomba iundwe tume huru ya uchunguzi, na haikuundwa. Baada ya mauaji ya Zanzibar ya Januari 2001, Rais Mkapa aliunda tume mwaka 2002 chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Baada ya watu kuuawa katika ghasia za uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, Rais Samia aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Hatuwatilii shaka watu walioteuliwa. Tunasema kwamba damu ya raia inapomwagika na vyombo vya dola kutajwa, kuchunguzwa au kutochunguzwa kwa damu hiyo hakupaswi kutegemea ridhaa ya mtu anayeviongoza vyombo hivyo. Waliokufa Mwembechai walikuwa na haki ileile ya waliokufa Pemba na waliokufa Dar es Salaam. Kilichowatofautisha ni hiari ya mwenye kiti.

Tuwataje na masheikh wa Uamsho. Kuanzia mwaka 2014 walikaa rumande Dar es Salaam kwa mashitaka chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, mashitaka yasiyokuwa na dhamana. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka aliyafuta, wakatoka. Kama walikuwa na hatia, mahakama haikusema. Kama hawakuwa na hatia, mahakama haikusema. Polisi waliowakamata ni wa Serikali, aliyewashitaki ni mteule wa Rais, na aliyewaachia ni mteule wa Rais. Hakimu alibakia kuahirisha kesi miaka saba. Familia zilishukuru kwa kuachiwa kwao, na sisi tulishukuru pamoja nao. Lakini mtu asiye na hatia hapaswi kushukuru kwa kurudishiwa miaka yake, wala miaka hairudishwi.

WANAOTETEA KITI KIKUBWA

Tuwasikilize kwa uadilifu wanaosema kwamba nchi changa yenye makabila zaidi ya 120 inahitaji Rais mwenye nguvu, na kwamba mipaka mingi huleta malumbano na kuchelewesha maendeleo. Hoja hii ina uzito wake. Nchi yetu haijagawanyika kwa ukabila kama zilivyogawanyika nyingine, na uongozi imara umechangia.

Lakini nguvu si kutokuwa na mpaka. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa na nguvu kuliko watawala wengi waliokuja baada yake, na raia wa kawaida alimsimamisha na kumhoji. Kutenda haraka nako ni kuzuri pale mtawala anapopatia. Anapokosea, haraka ileile huwa ni haraka ya dhulma, na hakuna wa kumshika mkono. Wala si kweli kwamba mihimili mingine haiwezi kufanya kazi bila ya kuivunja nchi. Februari 2008 Bunge chini ya Spika Samuel Sitta lilipokea ripoti ya kamati yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Nchi haikuanguka.

Mahakama nayo imewahi kusimama. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, alitamka kwamba sharti la kuomba kibali cha polisi ili kufanya mkutano linapingana na Katiba, na kwamba mgombea binafsi ana haki ya kugombea. Sisi na Mchungaji yule hatukukubaliana katika mengi. Lakini Suratul-Maaida, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki, kwa hiyo tunasema wazi kwamba kila mhadhara wa Kiislamu uliofanyika uwanjani tangu siku ile ulinufaika na kesi yake. Na tazameni yaliyofuata: mwaka huohuo Bunge lililochaguliwa chini ya chama kimoja liliibadilisha Katiba ili kuifuta haki ya mgombea binafsi.

Jirani zetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, wameonja ladha nyingine. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha ushindi wa Rais aliye madarakani. Machi 2022 mahakama hiyohiyo ilisema kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Malawi nayo ilibatilisha uchaguzi wa urais Februari 2020. Kenya ina matatizo yake na hatuipambi. Lakini Rais wake anajua kwamba kuna mlango ambao akiufikia ataulizwa.

NINI KIFANYIKE?

Madai haya si mapya. Tume ya Jaji Francis Nyalali ya mwaka 1991, Kamati ya Jaji Robert Kisanga ya mwaka 1998 na Tume ya Jaji Joseph Warioba iliyoanza mwaka 2012 zote ziliwasikiliza wananchi. Rasimu ya Warioba ya Desemba 2013 ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge, uteuzi wao uthibitishwe na Bunge, na matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani. Bunge Maalumu la mwaka 2014 likaja na Katiba Inayopendekezwa, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na haikufanyika.

Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha katika ardhi yetu wenyewe, iliamua kwamba kizuizi cha kupinga matokeo ya urais kinakiuka haki na ikaitaka Tanzania irekebishe. Kabla ya hapo, Novemba 2019, Serikali ilikuwa imeondoa ridhaa yake ya watu binafsi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Juni 2020 Bunge likapitisha marekebisho yanayomtaka mtu anayefungua shauri la haki za msingi aoneshe namna alivyoathirika yeye binafsi, ingawa ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Milango inafungwa mmoja baada ya mwingine.

Sisi tunataka mambo machache na ya wazi. Matokeo ya urais yaweze kuchunguzwa na mahakama kama ya ubunge. Majaji na Mkurugenzi wa Mashtaka wapatikane kwa njia ambayo Rais si mwenye kauli peke yake. Mawaziri watoke nje ya Bunge. Wakuu wa mikoa na wilaya, ambao hakuna aliyewachagua, waondolewe uwezo wa kumweka mtu ndani kwa saa 48. Na mshitakiwa asiozee rumande huku upelelezi ukiitwa haujakamilika.

Kwa maimamu na kamati za misikiti tunasema: Katiba inauzwa na inasomeka kwa Kiswahili. Wekeni darasa lake, japo mara moja kwa mwezi, baada ya darasa la fiq'hi na tafsiri. Kijana anayejua haki yake kwa kifungu ni vigumu kuburuzwa, na ni vigumu pia kuchochewa kuingia katika fujo. Mwiteni mbunge wenu na mumuulize alipiga kura gani, kabla ya kumwomba mchango wa mabati. Njia yetu iwe ya hoja, ya sheria na ya subira. Kuvunja maduka ya watu na kumwaga damu ni dhulma, hata ikifanywa na anayedai haki.

Na tuanze nyumbani. Ni misikiti mingapi hapa mjini ambayo mwenyekiti wake hajabadilika kwa miaka ishirini, mapato ya pango la maduka ya wakfu hayasomwi mbele ya jamaa, na anayeuliza huitwa mfitini? Ni taasisi ngapi za Kiislamu ambazo kiongozi wake ndiye bunge, ndiye mahakama na ndiye mweka hazina? Hatuwezi kulidai Taifa liweke mipaka kwa Rais huku sisi tukiwa tumeshindwa kumwekea mipaka mwenyekiti wa kamati. Shura ni ibada, na ibada huanza na nafsi.

Mtawala hapungukiwi kwa kuwekewa mpaka. Bali ananusurika. Siku ya Kiyama atasimama peke yake, bila ya walinzi wala kinga ya ibara ya 46, akiulizwa juu ya kila aliyefungwa, kila aliyenyang'anywa na kila aliyeuawa chini ya mamlaka yake. Anayemtakia mema Rais wa nchi hii amtakie mzigo anaoweza kuubeba siku hiyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie nchi yetu amani iliyojengwa juu ya haki, awaongoze viongozi wetu katika uadilifu, awarehemu waliouawa kwa dhulma na awape subira walioachwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.